Sumukuvu: Hatari yenyewe hukamilikia ndani ya ini

Msimu wa mavuno ukifika Nzega, Uyui au Urambo mkoani Tabora, ubishi kuhusu sumukuvu huanza upya kwenye mashine za kusaga na kwenye meza za wauza karanga. Mmoja atasema mahindi yenye ukungu yakipikwa yakaiva, sumu imekwisha. Mwingine atasema wazee wake walikula karanga zilizosinyaa miaka yote na wakafika umri wa kutembelea mkongojo. Wa tatu amesikia redioni kwamba sumukuvu inaleta kansa ya ini, na tangu hapo hataki tena mboga iliyoungwa kwa karanga.

Kila mmoja ana sababu ya kusema asemavyo, ila wote wanaizungumzia sumukuvu kana kwamba ikishaingia mwilini hubaki ilivyo. Haibaki. Ini huivunja na kuibadilisha ili iweze kutoka, na katika kuibadilisha huko huzaliwa kitu kikali kuliko ile sumu iliyoliwa. Hicho ndicho kinachoshika vinasaba na kufungua njia ya saratani. Mtu akishaielewa hatua hiyo moja, mengi yanayochanganya kuhusu sumukuvu yananyooka.

Tutenganishe kwanza majina. Ule ukungu wa kijani na manjano unaouona kwenye gunzi au ndani ya ganda la karanga ni kuvu, kiumbe hai. Sumukuvu ni kemikali ambayo baadhi ya kuvu huitengeneza na kuiacha ndani ya punje. Ziko sumukuvu nyingi, lakini kwenye mahindi na karanga inayotisha zaidi ni aflatoksini, na humu neno sumukuvu litakuwa na maana hiyo. Hutengenezwa hasa na kuvu wa aina mbili, Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, ambao makazi yao ni udongo wa shambani na hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 25 na 35. Katika jamii ya aflatoksini, ile inayoitwa B1 ndiyo kali kuliko zote. Kuvu anaweza kufa, akapepetwa au akafutwa kwa kitambaa, sumu yake ikabaki palepale ndani ya punje.

Kiasi kinachozungumzwa ni kidogo mno. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi na karanga kuwa na aflatoksini zote kwa pamoja zisizozidi mikrogramu 10 katika kilo moja, na B1 peke yake isizidi mikrogramu 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanywa kwenye magunia 1,000 ya kilo mia mia. Jicho halioni, ulimi hauonji, pua hainusi.

Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi, sumukuvu huua ini ndani ya siku au wiki chache: macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika, kifo. Ndivyo ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016, watu 68 wakaugua na 20 wakafa. Saratani ni habari nyingine. Hiyo inatokana na kidogo kidogo cha kila siku, kwa miaka mingi, bila homa wala maumivu ya kumpeleka mtu zahanati.

Kinachotokea ndani ya ini

Chakula kikishasagwa utumboni, damu inayobeba kilichofyonzwa hupita kwanza kwenye ini kabla ya kwenda kwingine. Sumukuvu inapatana na mafuta zaidi kuliko maji, kwa hiyo figo haziwezi kuitoa kirahisi kwenye mkojo. Ini hulazimika kuipachika kitu kinachokubaliana na maji ili ioshwe na kutoka. Fikiria mhunzi anayetaka kuunganisha kishikio kwenye kipande cha chuma. Chuma kikiwa baridi hakishiki. Lazima kikolezwe moto hadi kiwe chekundu. Kikiwa chekundu kinakubali kuunganishwa, na wakati huohuo kinaunguza chochote kitakachokigusa. Mhunzi mwenye koleo imara humaliza kazi salama. Koleo likiteleza, kinachoungua ni karakana yake mwenyewe.

Moto huo ndani ya ini ni vimeng'enya vinavyoitwa saitokromu P450. Hivi huongeza oksijeni kwenye sumukuvu B1. Sehemu ya B1 hugeuka kuwa M1, ambayo tutairudia tukifika kwenye maziwa, na nyingine hugeuka kuwa kitu kinachoitwa epoksaidi. Epoksaidi hii haitulii. Ikiwa ndani ya maji, nusu yake hupotea kwa takriban sekunde moja tu. Haina muda wa kusafiri mbali, ndiyo maana madhara makubwa huangukia ini lenyewe, pale ilipozaliwa, na si mapafu au ngozi.

Katika sekunde hiyo yapo mambo matatu yanayoweza kuipata. Inaweza kushikwa na glutathioni, kemikali ambayo mwili huitengeneza kwa kazi ya aina hii. Hiyo ndiyo koleo, na ikishashikwa hutolewa kupitia nyongo na mkojo bila madhara. Inaweza kuungana na maji, kisha ikajibandika kwenye protini kama zile zinazoelea katika damu. Wanasayansi hupima protini hizo kwenye sampuli ya damu ili kujua mtu amekula sumukuvu kiasi gani katika wiki na miezi iliyopita, na kipimo hicho kinaonyesha alichokula tu, hakisemi kama ana saratani. Jambo la tatu ndilo baya: epoksaidi inaweza kupenya hadi kwenye vinasaba na kujing'ang'aniza kwenye gwanini, moja ya herufi nne zinazounda vinasaba, ile inayoandikwa G.

Seli ina mafundi wake wa kukarabati vinasaba, na mara nyingi hukata kile kipande kilichoharibika na kuweka kizima. Shida huja seli inapogawanyika kabla ukarabati haujakamilika. Wakati wa kunakili, penye G iliyobebana na sumu husomwa T. Kosa likishanakiliwa halitambuliki tena kuwa ni kosa. Seli zote zitakazozaliwa hapo zitalirithi.

Makosa mengi ya namna hiyo huangukia mahali pasipo na athari yoyote. Machache huangukia pabaya, na papo mahali pamoja panapojulikana vizuri: kwenye jeni ya TP53, sehemu ya 249. Jeni hii huamuru seli yenye vinasaba vilivyoharibika isimame, ijikarabati, au ijiue. Mwaka 1991 vikundi viwili vya watafiti, wakichunguza uvimbe wa saratani ya ini wa wagonjwa kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika, vilikuta badiliko lilelile la G kuwa T mahali palepale, tena kwa wagonjwa wengi. Ni nadra kwa sumu kuacha alama inayotambulika hivyo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo kosa moja halitoshi kuleta saratani. Yanahitajika makosa kadhaa katika ukoo mmoja wa seli, na hilo huchukua miaka. Aliyekula karanga chungu jana hana sababu ya kukosa usingizi leo. Mwenye sababu ya kubadilisha mambo ni yule ambaye ugali wake, uji wake na mboga yake vinatoka kwenye gunia lilelile lenye ukungu, mwaka hadi mwaka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yanasema sumukuvu huchangia kati ya asilimia 4.6 na 28.2 ya saratani zote za ini duniani. Pengo ni kubwa kwa sababu ulaji na maambukizi ya virusi vya ini hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mzigo mkubwa uko Afrika kusini mwa Sahara, Asia ya Kusini Mashariki na China.

"Mbona panya hawafi?"

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake linathibitisha habari ya ini kuliko maelezo mengine yote. Panya wadogo wa nyumbani hustahimili sana saratani ya sumukuvu, kwa kuwa maini yao yana kimeng'enya chenye kasi kubwa ya kuiunganisha epoksaidi na glutathioni. Sumu inawaka, inashikwa papo hapo, inatoka. Panya wakubwa hawana kinga hiyo kwa kiwango hicho, na wakilishwa sumukuvu hupata saratani ya ini. Batamzinga ni dhaifu zaidi: ini lao huiwasha sumu haraka lakini halina uwezo wa kuikamata. Ndiyo maana dunia iliigundua aflatoksini kupitia kwao, mwaka 1960, zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Bata wachanga nao ni dhaifu hivyohivyo, kuku wana nafuu kidogo.

Kwa hiyo panya aliyenona kwenye ghala lako si mpimaji wa mahindi yako. Ini lake na lako hazifanyi kazi sawa, na la binadamu lina uwezo mdogo wa kuikamata epoksaidi kuliko la panya huyo.

Tofauti ya ini na ini iko pia kati ya mtu na mtu, na hapa ndipo virusi vya homa ya ini aina ya B vinapoingia. Mwenye maambukizi sugu ya virusi hivyo ana ini ambalo seli zake hufa na kuzaliwa upya kila mara, na seli zinazogawanyika kwa kasi hazipati muda wa kukarabati vinasaba. Utafiti uliofanyika Shanghai uliwafuatilia wanaume zaidi ya 18,000. Waliokutwa na alama za sumukuvu kwenye mkojo bila virusi vya B, hatari yao ya saratani ya ini ilikuwa mara 3.4 ya wasio na chochote. Wenye virusi bila sumukuvu, mara 7.3. Wenye vyote viwili, mara 59.4. Hatari hizo hazijumlishwi, zinazidishana.

Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, na leo imo ndani ya chanjo anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama anayekamilisha chanjo hizo tatu anampunguzia mwanawe hatari ya saratani ya sumukuvu pia, japo kadi ya kliniki haiandiki hivyo. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuchanjwa utotoni, na kwao kipimo cha damu ndicho kinachosema kama wachanjwe au waanze kufuatiliwa na daktari. Pombe nayo, hasa gongo, huliumiza ini hilohilo kwa njia inayofanana: ini huigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni kali kuliko pombe yenyewe na hushika vinasaba.

Moto, magadi na pombe

Sasa tunaweza kumjibu yule wa mashine ya kusaga. Sumukuvu huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na sufuria ya ugali haivuki nyuzi 100 na kidogo. Kukaanga karanga hupunguza sehemu tu, tena kwa kadiri zilivyokaangwa sana. Kuvu atakufa kwenye sufuria, sumu haitakufa.

Magadi yana kisa chake. Wako wanaoamini kwamba makande yaliyochemshwa kwa magadi yamesafishika, na ni kweli kwamba kemikali za aina ya magadi zikiwa kali vya kutosha huifungua pete moja kwenye umbo la sumukuvu, na kipimo kikaonyesha imepungua. Lakini tumbo lina asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya pete zilizofunguka hujifunga tena. Kilichoonekana kimepungua jikoni kinarudi tumboni.

Mahindi yaliyoharibika kutengewa pombe ni desturi mbaya kuliko zote hizo. Uchachushaji hauiondoi sumu, na mnywaji wa pombe ya nafaka hizo anaipeleka sumukuvu na pombe kwenye ini lake kwa wakati mmoja.

Qidong walijaribu jambo lenye maana zaidi: kuizuia sumu kabla haijafika kwenye ini. Watu 180 wenye afya waligawanywa, nusu wakapewa vidonge vya klorofilini, kemikali inayotengenezwa kutokana na kijani cha majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne. Alama za vinasaba vilivyoharibiwa na sumukuvu kwenye mkojo wao zikawa pungufu kwa asilimia 55 kuliko za wenzao. Hiyo ilikuwa dawa yenye kipimo chake. Sahani ya matembele au mlenda ni chakula kizuri, lakini asiitegemee mtu kufuta karanga mbovu alizoungia.

Kazi inayofaa iko kabla ya jiko

Sumu haigawanyiki sawasawa ndani ya gunia. Zimewahi kupimwa punje za karanga zenye takriban mikrogramu 1,000 katika gramu moja. Punje ya namna hiyo yenye uzito wa nusu gramu inabeba mikrogramu 500, na hizo zinatosha kuifikisha karanga safi kilo 50 kwenye kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo. Kumbe sehemu kubwa ya sumu ya gunia iko kwenye punje chache, na ndiyo maana mikono na ungo vina nguvu kuliko moto. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizoota na zilizovunjika. Fanya hivyo kabla ya kukaanga, maana rangi ya kukaangwa huficha ubovu, na kabla ya kusaga, maana karanga ya unga haichambuliki tena. Anayenunua karanga zilizokwisha kusagwa sokoni amenunua asichokiona.

Uji wa lishe unastahili uangalifu wa pekee. Mchanganyiko wake mara nyingi ni mahindi na karanga, yaani vyakula viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu, na anayekula ni mtoto wa kilo nane au kumi. Kwa kila kilo ya mwili wake anapata sumu nyingi kuliko mtu mzima aliyekula chakula kilekile. Karanga za uji huo zichambuliwe punje kwa punje, hata kama kazi ni ya saa nzima.

Kwenye mahindi, sumu hukaa zaidi kwenye kiini na ganda la nje. Kupeta, kuchambua, kuosha na kukoboa huondoa sehemu kubwa sana. Ndiyo maana dona la mahindi mabovu ni baya kuliko sembe ya mahindi hayohayo, ingawa dona la mahindi safi lina lishe zaidi. Mwenye kupenda dona na achague mahindi vizuri zaidi. Na pumba za mahindi yaliyokobolewa kwa sababu ya ubovu zimebeba sumu iliyotolewa kwenye unga, kwa hiyo kuku na ng'ombe wasipewe.

Chanzo cha tatizo ni unyevu. Katika kaya nyingi za Tabora zinazolima tumbaku, karanga huiva wakati mikono yote iko kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, nazo zinabaki ardhini au kwenye lundo zikingoja. Karanga zilizong'olewa zisilundikwe. Zigeuzwe maganda yakitazama juu, zipigwe na upepo, kisha zianikwe kwenye turubai au chanja, kamwe siyo kwenye udongo mtupu. Zikikauka vizuri, ukizitikisa zinagonga ndani ya ganda na ngozi yake inamenyeka ukiisugua kwa vidole. Unyevu wake uwe asilimia 7 hadi 8. Halafu inakuja tabia inayoharibu kazi yote: kulowanisha karanga kabla ya kumenya ili maganda yalainike, au kuzinyunyizia maji ziongeze uzito kwenye mizani. Maji hayo huingia kwenye ganda lenye vumbi la shambani, karanga hukaa gunia moja usiku kucha, na kuvu hupata kila anachohitaji. Mashine ya kumenya, hata ile ya mkono, inaondoa sababu ya kulowanisha.

Mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chumvi: chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka vijiko vitatu vya chakula vya chumvi iliyokaushwa juani, jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata, mahindi yako chini ya 15, na bado yanahitaji jua la siku moja au mbili kabla ya kuhifadhiwa. Mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu inafaa, mradi kilichoingizwa ni kikavu na kila tabaka limefungwa peke yake. Mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yataharibika humohumo.

Shambani ipo Aflasafe TZ01, iliyosajiliwa nchini mwaka 2018. Ni mtama uliopakwa kuvu wa ukoo wa Aspergillus flavus wasioweza kutengeneza sumu. Wakimwagwa shambani huwahi nafasi za wale wenye sumu. Kiwango ni kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, udongo ukiwa na unyevu.

Mahindi na karanga zilizotolewa kwenye ungo zifukiwe mbali na mifugo. Ng'ombe akila pumba au mashudu yenye B1, ini lake huigeuza sehemu yake kuwa M1, nayo huonekana kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuyachemsha hakuitoi. Akibadilishiwa chakula, maziwa husafika ndani ya siku tatu hadi nne. Maziwa ya mama hupitisha M1 vilevile, na faida za kunyonyesha ni kubwa mno kuliko kiasi hicho, kwa hiyo mama aendelee kunyonyesha na mabadiliko yafanyike kwenye sahani yake, akianza na karanga za kuungia mboga.